Subiri Bubu Uje: Nilivyojifunza Kutazama Ndege Dodoma

Mara ya kwanza nilipokwenda Bahi, magharibi mwa mji wa Dodoma, kutazama ndege wa majini, sikukuta maji. Ilikuwa Septemba 2022. Nilishuka kwenye haisi asubuhi na mapema, darubini mpya shingoni, chupa mbili za maji kwenye mkoba, na daftari nililolipiga mistari usiku uliotangulia: safu ya jina la ndege, safu ya idadi, safu ya maelezo. Kijana wa bodaboda akanipeleka mpaka mahali ambapo ramani ya simu ilionyesha rangi ya buluu. Tukasimama. Mbele yetu palikuwa na mbuga nyeusi iliyokauka na kupasukapasuka, nyufa zake zinatosha kumeza mguu wa mtoto. Ng'ombe walikuwa wakichambua mabua, na kwa mbali vumbi lilikuwa linazunguka.

"Ndiyo hapa, mama," kijana akaniambia. "Ziwa lenyewe ndilo hili."

Nilisimama pale nikatamani kulia. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimemwacha mtoto kwa jirani, na nilikuwa nimewatangazia wenzangu ofisini kwamba Jumatatu nitawaletea picha. Nilirudi mjini saa sita mchana na daftari tupu.

Leo, kila mwaka unapofika mwezi wa tisa, wapo watu wanaoniuliza kama wikendi inayokuja ni nzuri kwenda Bahi. Ndiyo maana nimeamua kuandika yote, pamoja na fedha nilizopoteza na ugonjwa nilioupata, ili atakayeanza asianzie nilipoanzia mimi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilihamia Dodoma 2019, pale ofisi yetu ilipohamishwa pamoja na nyingine za Serikali. Kwa miaka miwili ya mwanzo sikuipenda nchi hii. Nimekulia kwenye minazi na upepo wa bahari, na hapa kuanzia Mei mpaka Novemba ni nadra tone kudondoka, kila kitu kinageuka rangi ya udongo. Kisha daktari akaniambia presha imepanda, niwe natembea kila asubuhi. Nikaanza kutembea pembeni ya mji, kwenye vichaka vya migunga na mibuyu, na huko ndiko nilikoanza kuwaona.

Wa kwanza kunishika alikuwa ndege ambaye kwa sura hana cha kujivunia. Ni kwenzi wa rangi ya majivu, mkia mrefu, jicho jeupe lenye umanjano. Wanatembea kwa makundi chini ya mibuyu wakiokota wadudu. Nilimdharau mpaka siku nilipoazima kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki na kugundua kwamba kwenzi huyu haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa Tanzania. Kurasa chache mbele nikakuta kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano na kichwa cheusi, wale wanaopita juu ya nyumba wakipiga kelele asubuhi na kutaga kwenye matundu ya mibuyu. Nao asili yao ni Tanzania bara. Watu wa nchi za mbali wanawafuga kwenye vizimba na kuuziana, na mimi walikuwa wananiamsha bure kila siku nikawa nawaona kero. Siku hiyo Dodoma iliacha kuwa mahali nilipopelekwa, nikaanza kuiona kuwa mahali ninapoishi.

Sasa nirudi kwenye darubini, maana hapo ndipo wengi wanapotupa fedha. Ile ya kwanza niliinunua kwa machinga kwa shilingi 40,000. Ilikuwa imeandikwa 30x60 kwa herufi kubwa za dhahabu, nami nikaamini kwamba namba kubwa ndiyo bora. Si kweli. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukuzaji ukizidi mara 10, mkono wa kawaida hauwezi kuituliza: ndege anarukaruka machoni kana kwamba ana homa. Kioo kikiwa chembamba, alfajiri na jioni unaona giza, na hizo ndizo saa ambazo ndege wanafanya kazi. Miezi mitano baadaye nilipata iliyotumika, 8x42, kwa shilingi 230,000, kwa mtu aliyekuwa anahama. Kwangu ilikuwa fedha nyingi, nililipa kwa awamu tatu. Lakini siku ya kwanza nilipoiweka machoni nilimwona mdiria juu ya waya nikahesabu rangi zake zote. Kama huna fedha hiyo, nenda kwa macho matupu na daftari mpaka utakapoipata. Utajifunza sauti na mwendo wa ndege, na hivyo havihitaji kioo. Ile ya 40,000 ilinifundisha kuumwa kichwa tu.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa darubini. Siku ile ya Septemba, kabla sijaondoka Bahi, mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa anachunga alinijia. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kisha akanipa "mbukwenyi" ya kwao, akangoja niitikie. Sikujua kuitikia. Akaniuliza nimepotelewa na nini.

"Natafuta ndege wa majini, mzee."

"Hao wamefuata maji. Wewe subiri Bubu uje."

Akanionyesha kwa fimbo upande wa kaskazini. Mto Bubu unatoka huko juu Kondoa, akasema, na safari yake inaishia kwenye mbuga hii. Mvua zikinyesha kule, maji yanafika hapa hata kama Bahi yenyewe haijapata mvua ya kutosha. Yanaenea polepole usiku na mchana, watu wanaweka majaruba ya mpunga, kambare wanatokea kwenye matope waliyojichimbia, na ndege wanakuja juu ya yote hayo. Alinieleza mambo haya kwa dakika kumi akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Sikuandika hata neno. Daftari langu halikuwa na safu ya maji, na mimi nilidhani kwamba mzee ananiliwaza tu.

Nilipaswa kuandika. Kila nilichokuja kujua baadaye kuhusu ndege wa nchi hii kilikuwa ndani ya maneno yale.

Kwa kuwa sikuwa nimeelewa, nilienda Hombolo. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, liko kama kilomita 40 kutoka mjini upande wa kaskazini mashariki, na lina maji hata kiangazi. Kweli, ndege nilikuta. Nilimwona furukombe akishuka na kunyanyua perege, sauti yake ikanisimamisha nywele. Niliona mnandi wamekaa kwenye miti mikavu wametandaza mabawa kama nguo kwenye kamba, na yangeyange, na bata wa kupiga mluzi wamejipanga ukingoni. Na niliona korongo mweusi ambaye mdomo wake ukifungwa unabaki na uwazi katikati, kama koleo iliyopinda. Korongo domowazi. Uwazi ule ni wa kushika konokono.

Nilitaka kumwona kwa karibu. Nikavua viatu, nikakunja gauni, nikaingia majini mpaka magotini, nikakaa humo kwenye matete kama saa nzima. Nilirudi tena hivyo hivyo mara mbili. Yule korongo alikuwa ananionyesha kwa mdomo wake kwamba maji haya yana konokono, na si konokono wote wana shida, lakini wapo wa maji yaliyotulia wanaobeba kichocho. Mimi niliyesomeshwa jambo hilo darasa la tano sikulikumbuka.

Miezi kadhaa baadaye nilianza kuona damu kwenye mkojo. Niseme wazi kwa sababu najua wanawake wengi tunalificha hili: nilikaa wiki sita nikidhani ni mambo ya hedhi, kisha nikadhani ni jambo baya zaidi, usiku silali. Katika zahanati ya kwanza nilipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo na hakuna aliyeniuliza kama nimeingia bwawani. Nami sikusema. Kwenye kituo cha pili mhudumu kijana aliniuliza swali hilo moja, akapima mkojo, akaona mayai. Nikapewa vidonge vya prazikwanteli, nikavimeza kwa siku moja, tumbo likanisokota usiku ule, ikaisha. Lakini zile wiki sita sizisahau. Ukienda bwawani au kwenye majaruba, vaa buti za mpira ndefu, na usipokuwa nazo baki nchi kavu. Ukiona dalili yoyote, mwambie anayekutibu kwamba uliingia kwenye maji, hata asipouliza.

Mvua zilianza Desemba. Nilikuwa nimeshasahau maneno ya mzee, lakini Januari nikapita na basi kwenda Manyoni kikazi, na tulipofika Bahi nikaona kitu kinang'aa upande wa kushoto mpaka upeo wa macho. Nilisimama ndani ya basi. Watu wakaniangalia. Ile mbuga niliyosimama juu yake nikikaribia kulia ilikuwa ziwa.

Jumamosi iliyofuata nilikodi pikipiki na dereva kwa shilingi 50,000 kwa siku nzima. Haikufika saa nne asubuhi, tukawa tumekwama. Udongo wa mbuga ukilowa hauna urafiki: unajikusanya kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ukishuka kusukuma, kiatu kinabaki chini. Tulitolewa na vijana wanne kwa shilingi 30,000, na ilikuwa halali yao, walifanya kazi ya saa mbili. Tangu hapo ninashuka kwenye lami au kwenye tuta, ninaacha chombo hapo, ninatembea kwa miguu. Kilomita mbili kwa miguu asubuhi zinakupa ndege wengi kuliko ishirini kwa pikipiki.

Siku hiyo hiyo niliongeza kosa lingine. Reli ya kati inapita Bahi, na tuta lake ndilo mahali pakavu penye kimo, kwa hiyo nikapanda pembeni yake nikasimama na darubini nikitazama huku na huku, naandika kwenye daftari. Fikiria picha hiyo kwa macho ya mtu wa pale. Mgeni, mwanamke peke yake, anatazama reli kwa darubini na kuandika namba. Wakaja mgambo wawili. Hawakunitukana wala kunigusa, lakini waliniongoza mpaka ofisi ya kijiji, nikakaa kwenye benchi kwa saa tatu huku simu zikipigwa. Nilikuwa natetemeka. Nilipofungua daftari kuonyesha kwamba ni majina ya ndege, mtendaji alisoma kwa sauti, "yangeyange mia mbili na kumi," akanitazama, akauliza, "Unawahesabu wa nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema nawapenda. Akafikiri kidogo, akaniambia kitu ambacho nimekifuata tangu siku ile: "Kama unawapenda ungeanza hapa ofisini, tungekupa mtu wa kukuonyesha."

Kwa hiyo, kabla ya darubini kutoka kwenye mkoba, ninakwenda ofisi ya kijiji. Ninajitambulisha, ninaonyesha kitambulisho, ninasema nitakuwa upande gani na nitaondoka saa ngapi. Ninamtafuta pia mwenyekiti wa kitongoji. Reli, daraja na mitambo ya maji au umeme sielekezi darubini wala simu. Na siendi peke yangu. Mwenyeji unayemlipa posho ya siku, mimi natoa 15,000 na chakula, anakulinda, na anajua ndege kuliko unavyodhani.

Wangu nilimpata siku ileile ya ofisini. Ni mama wa makamo mwenye jaruba la mpunga ukingoni mwa maji, na nilikutana naye kwa sababu mtendaji alimtuma mwanawe anisindikize huko. Tulimkuta juu ya dungu, kombeo mkononi na kopo la mawe madogo pembeni, sauti imeshakauka. Alikuwa anaamia kweleakwelea, yaani anawafukuza wasile mpunga.

Nilikwenda kwake Jumamosi saba, kuanzia Februari mpaka Aprili. Kama kuna shule niliyosoma ni dungu lile. Kazi ya kuamia inaanza kabla ya jua na inaisha jua likizama, kila siku, tangu mpunga unapoingia maziwa mpaka unapokatwa, hakuna Jumapili wala msiba. Mtu akiondoka nusu saa, kundi linashuka. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za mbegu kwa siku, na nilipiga hesabu nikiwa mjini: kundi la laki moja ni tani nzima kwa siku. Lakini namba ile haikuwa na uzito wowote kwangu mpaka nilipoona wingu la ndege likijikunja juu ya jaruba kama moshi, likatua, na mabua yakalala chini kwa uzito. Mama alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima. Niliweka darubini chini nikaanza kurusha mawe naye. Ningekuwa mtu gani kukaa nikivutiwa na uzuri wa kundi linalokula ada ya shule ya mtoto?

Na ni wazuri, hilo siwezi kulificha. Ila nilikuwa nimewaandika vibaya. Daftari langu la Februari lina ndege wawili: mmoja "mdomo mwekundu, uso mweusi," mwingine "mdomo wa njano, kahawia mtupu." Nilijiona hodari kwa kuwatofautisha. Mama akacheka kidogo, akanipa maji ya kunywa kwenye kata, akasema, "Mwenzangu, hao ni mume na mke."

Nilipofika nyumbani nikahakikisha. Jike la kwelea, wakati wa kutaga, mdomo wake unageuka njano. Nje ya msimu huo wote, majike na madume, wana mdomo mwekundu, na madume wanavua ile barakoa nyeusi. Ndege wengi wa jamii hii wakati wa kiangazi wanavaa kahawia moja wote, hata mtaalamu anasita. Anayeanza asijiumize na ndege wa kahawia wa mwezi wa tisa. Mvua zikija watavaa rangi zao, atawajua.

Mama huyo alinifundisha pia kusoma anga. Alijua kwamba korongo wenye tumbo jeupe na mgongo mweusi wakionekana wengi juu, mvua iko karibu, na wakulima hawawagusi kwa sababu wanakula viwavijeshi na panzi. Mimi nilijua kutoka kitabuni kwamba korongo hao wanazaliana kaskazini mwa Ikweta na kutujia msimu wa mvua, na kwamba wale weupe wakubwa wenye miguu myekundu wanatoka Ulaya. Nilimweleza. Akanyamaza, kisha akauliza kama huko Ulaya nako wanakula viwavi. Tukakaa tukitazama. Vitwitwi wadogo waliokuwa wakikimbia kwenye tope mbele ya dungu, wengine wao wanatoka Urusi, nikamwambia. "Na kijimwili hicho!" akasema, akachukua darubini yangu akawatazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwatazama mimi.

Kuna asubuhi moja ilinivunja moyo. Mazalia ya kwelea kwenye migunga, mbali kidogo na hapo, yalikuwa yamenyunyiziwa dawa kwa eropleni. Sina neno la kumlaumu mkulima anayeomba dawa, nimekaa juu ya dungu lake. Lakini chini ya migunga ile nilikuta na mwewe wawili wamekufa, na bundi mmoja, kwa kuwa walikula kwelea waliokuwa wamelewa sumu. Na nilikuta watoto na ndoo. Kwelea ni kitoweo, wanakaangwa na kuuzwa kwa mafungu, hakuna ubaya wowote, ila waliokufa kwa dawa wasiliwe kamwe. Mama ndiye aliyewakimbilia wale watoto, akazimwaga ndoo, akawachapa kwa maneno ya Kigogo ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja usiwaguse kwa mikono mitupu, na toa taarifa kwa mtendaji au bwana shamba siku hiyohiyo.

Kufikia Juni maji ya Bahi yalikuwa yamerudi nyuma, na sasa nilikuwa nimeshapata akili ya kuchora mistari upya kwenye daftari. Safu ya kwanza ikawa maji: yako wapi, kimo gani, yanaongezeka au yanapungua, tope liko wazi kiasi gani. Ndipo vitu vikaanza kukaa sawa. Yungiyungi zikitanda, anakuja yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani kama yupo sebuleni. Maji yakishuka na kuacha madimbwi, samaki wananasa humo, na mwari na korongo wanakusanyika kwa mamia kwa siku chache tu, kisha hawapo. Ukichelewa wiki mbili umekosa.

Nilijaribu kutumia akili hiyo Singida nikakosea tena. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai, na watu wanakwambia heroe wako pale, nenda tu. Nilikwenda Aprili 2024, baada ya mvua kubwa za El Niño. Nauli, chumba siku mbili, chakula: karibu shilingi 120,000. Ziwa limejaa, zuri, na heroe niliowaona hawakufika ishirini. Nilikuwa nimefikiri kwamba maji mengi ni ndege wengi, kama Bahi. Heroe mdogo anakula viumbe vya kijani-buluu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo vinastawi maji yakiwa makali kwa chumvi. Mvua ikizimua ziwa, chakula kinapungua, nao wanaondoka usiku kwenda ziwa jingine. Anayewatafuta heroe afuate ziwa linalopungua. Nilipenda hata hivyo kuwaona mwari wakivua kwa pamoja, wamejipanga nusu duara wakisukuma samaki ufukweni, vichwa vyote vinazama kwa mara moja.

Na Mtera ni kinyume kabisa cha Bahi, ndiyo maana mtu wa Dodoma hapaswi kukaa bila ndege mwezi wowote. Bwawa lile liko kwenye mto Ruaha Mkuu, kama kilomita 130 kusini kwa barabara ya Iringa, lilijengwa kwa ajili ya umeme. Wakati Bahi imekauka, Septemba na Oktoba, maji ya Mtera yanashuka na kuacha fukwe pana za tope, na vitwitwi wanaofika kutoka kaskazini wanatua hapo kwanza. Nilikwenda Septemba 2024 na mvuvi mwenyeji. Alinikataza kusogea ukingoni chini ya hatua ishirini, kwa sababu ya mamba, na akaniambia viboko wakiwa nchi kavu nisikae kamwe kati yao na maji. Nilitii kila neno. Nilihesabu kwa saa tano, mgongo ukauma, na daftari langu kwa mara ya kwanza likajaa kurasa mbili mfululizo bila alama ya kuuliza.

Rekodi zangu sasa naziingiza kwenye programu ya eBird, ambayo ni bure na inafanya kazi hata pasipo mtandao, ukirudi mjini ndipo unazituma. Ushauri wangu ni kuandika unachokijua tu. Ukiwa na shaka andika "kitwitwi" bila kutaja aina. Mwaka wa kwanza nilijaza majina kwa kubahatisha nikaja kuyafuta zaidi ya arobaini, kwa aibu, mojamoja.

Jumatano moja ya Januari mwaka uliofuata nilikuwa kazini simu ikaita. Ilikuwa ni mama wa dungu. Hapigi mara kwa mara, vocha ni ghali kwake, kwa hiyo nilitoka nje kupokea.

"Umeamkaje mwenzangu? Bubu umeingia."

"Lini?"

"Usiku wa kuamkia leo. Umefika kwenye mgunga ule tulioegesha baiskeli. Na wale mabata wako wa mluzi wamepita juu ya nyumba, nimewasikia wengi, sikuweza kuhesabu."

Nikamuuliza walikuwa wanaelekea wapi. Akasema magharibi, kwenye uwanda, na kwamba nije na buti zangu, na sukari kilo mbili, na mawe ya redio, maana ya kwake yameisha. Nikaandika kwenye daftari palepale nje, safu ya kwanza: maji, mgunga wa baiskeli, yanapanda.